Koki ya Kuria

Naogopa maji. Mtu akinisikia atacheka, maana kazi yangu ni maji, tena si ya kunywa. Ni majitaka ya mtaa mzima wa Mawematatu, kaya mia nne na ushee, yanayoshuka kilimani kwa bomba na kuingia kwenye mabwawa yetu kabla hayajaruhusiwa kuugusa mto. Mwaka mzima nimeifanya kazi hiyo bila kuogopa hata chura. Siku hizi mvua ikigonga bati nakaa kitandani natetemeka, na mume wangu Msafiri ameshachoka kuniambia nilale.

Naitwa Sihaba, Mnyamwezi wa Tabora niliyekulia Mwanza mjini. Majirani wananiita Mama Yasmin, kwa jina la binti yangu; stendi ya Buzuruga wananiita Mama Mavi. Waniite tu. Anayenicheka ajiulize vya kwake vinaishia wapi.

Huku Ilemela nyumba zetu zimekaa juu ya majabali. Ukitaka kuchimba choo cha shimo, sururu inagonga mwamba inakurudia usoni. Zamani watu walijenga vyoo vya kina cha goti, wakasubiri mvua. Mvua ikishika, wanatapisha: mtu anatoboa ukuta wa choo kwa chini, anaingia ndani kuota moto, na uchafu wake unashuka na mafuriko mpaka mto Nyamhela. Nyamhela nao unaingia ziwani, na ziwani ndiko tunakochota sote, aliyetapisha na asiyetapisha. Mwaka wa mwisho kabla ya mabwawa tulizika watu tisa wa mtaa mmoja.

Mabwawa yalipojengwa mto ulipona, hakuna neno jingine. Uchafu unatuama bwawa la kwanza, jua linauchoma bwawa la pili, la tatu limejaa matete yanayonyonya kilichobaki, na maji yanayotoka mwisho unaweza kuona vidole vyako ndani yake. Wanawake wakarudi kufua mtoni. Vifaranga vya sato vikaonekana. Na kanisa la Mchungaji Alexander likarudi kubatiza kwenye kina cha Kwa Maige, mwendo wa kilomita mbili chini yetu.

Kazini tulikuwa wawili tu, mimi na Machibya. Yeye Msukuma wa Misungwi, mwenye miaka yake hamsini na minane, mkubwa wangu kwa kazi na kwa umri. Msukuma na Mnyamwezi ni watani, basi utani wetu ulianza siku ya kwanza. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, mtani." Naye, kwa ulimi ule usiojua r, ananijibu, "Malahaba!" Mimi nacheka mpaka nashika reki. "Malahaba ndiyo mnyama gani, Machibya? Anakula nyasi au anakula watu?" Naye anasema anakula Wanyamwezi wenye midomo mirefu. Hivyo ndivyo siku yetu ilivyoanza, mwaka mzima. Sikujua kuna siku utani ule utanitoa machozi.

Sasa nieleze koki, maana ndipo balaa lilipo. Kando ya bwawa la kwanza kuna sanduku la zege lenye koki mbili kubwa za kuzungusha. Ya mkono wa kushoto iliwekwa baadaye na fundi mmoja Mkuria wa Tarime, na mpaka leo jina lake ni koki ya Kuria. Hiyo ukiifungua, kama nilivyokuja kujua baadaye, maji yanapozidi yanakwenda kwenye bwawa la akiba, yanakaa huko yakisubiri zamu. Ya mkono wa kulia ni ya tangu ujenzi, na kazi yake pia sikuijua. Mabomba yamezikwa, huoni yanakokwenda. Machibya aliniambia neno moja tu: "Koki niachie mimi, wewe shika leki." Nami nilishika reki. Nilikuwa wa kuchekecha takataka na kukata matete, koki si zangu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na Machibya hakuwepo kwa sababu alikuwa anabatizwa. Mkewe, Suzana, alimbembeleza miaka ishirini. Machibya alikuwa mtu wa mizimu ya babu zake, akisema maji ya mto yanamtosha kunawa. Mwaka huu akakubali, ghafla tu. Alikuja kuniaga Jumamosi na shati jeupe ndani ya mfuko wa nailoni, anaona aibu kama bwana harusi. "Mtani, kesho nazama na Machibya, naibuka na Petelo." Nikamwambia hata jina la ubatizo kaliharibu, Mungu atalitafuta kwenye daftari asilione.

Usiku ule mvua ilinyesha kama iliyolipwa. Saa moja asubuhi nilipofika mabwawani nilishika mdomo. Huko juu watu walikuwa wamefunua mifuniko ya mashimo ya bomba ili maji ya nyuani kwao yaingie mle, wajinga hawa, na bwawa la kwanza lilikuwa limejaa mpaka kiganja kimoja chini ya ukingo. Tuta la udongo lilikuwa limeanza kulainika na kutokwa jasho. Tuta lile likikatika, mavi ya kaya mia nne yanaingia mtoni kwa mkupuo. Na wiki ile ile watu wa afya walikuwa wanapita mitaani na kipaza sauti: kipindupindu kimeonekana, chemsheni maji, naweni kwa sabuni.

Nikampigia Machibya. Nyuma yake nilisikia ngoma na kwaya.

"Mtani, bwawa limejaa, linataka kumwagika! Nifanyeje?"

"Fungua ya Kulia," akasema. "Izungushe mpaka mwisho, halaka."

Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi. Swali lilinijia, tena lilikuwa swali la haki kabisa. Lakini nilivyolizoea lile domo langu, nililiuliza kwa sauti ile ile ya kila siku, ya kumwigiza: "Ya kulia, au ya Kuria, mtani? Sema kama mtu nikuelewe!"

Nadhani alikuwa amesimama na wenzake wenye mashati meupe, na sauti yangu inatoka kwenye simu, wote wanaisikia. Akajibu kwa hasira kidogo: "Ya Kulia, ya Kulia! Basi cheka." Akakata.

Nami nikacheka kweli. Nikaenda nikashika koki ya mkono wa kulia.

Ilikuwa ngumu, haikuguswa miaka. Nilining'inia hadi ikalegea, kisha ikazunguka, nikasikia chini ya ardhi maji yakivutwa kwa mngurumo. Bwawa likaanza kushuka. Nikasema alhamdulillahi. Nikachukua koleo nikaanza kupiga viraka kwenye tuta pale palipolainika, naimba mwenyewe. Dakika ishirini hivi, labda na zaidi. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Kisha nikasema ngoja nikaone bwawa la akiba limefikia wapi.

Lilikuwa tupu. Vidimbwi vya mvua tu, na yangeyange wanne wanatembea katikati wakidona wadudu. Nilisimama nikiwatazama wale ndege kama mjinga. Maji yote yale yamekwenda wapi? Nikakimbia kwenda ukingoni mwa mto, nikateleza, nikaanguka, nikaamka. Chini ya kichaka cha miiba kulikuwa na mdomo wa bomba ambao sikuwahi kuuona, na humo yalikuwa yanatoka yale niliyoyafungulia, mazito, ya kijivu, yenye povu na makaratasi na kila usichotaka kukitaja, yanaingia Nyamhela moja kwa moja.

Koki ya kulia ilikuwa njia ya kuyazungusha majitaka yasipite mabwawani, ya kutumika siku ya kuzoa tope, kwa kibali, baada ya kuwatangazia watu wote wa chini. Hayo niliyajua baadaye. Pale nilijua kitu kimoja tu: Machibya anaingia kwenye maji haya.

Niliifunga ile koki kwa nguvu nisizokuwa nazo, nikaifungua ya kushoto. Nikapiga simu. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Bila shaka iko mfukoni mwa suruali, suruali iko kwenye nyasi, mwenyewe yuko mtoni. Nikapiga mara sita huku nakimbia kuelekea barabarani.

Mwaka jana ndala yangu ilichukuliwa na mto pale mabwawani, na Suzana akaiokota Kwa Maige alipokuwa anafua. Tulipiga hesabu tukicheka: ilitumia nusu saa. Lakini wakati ule ulikuwa wa kiangazi. Sasa mto umeshiba mvua, nani ajuaye? Dakika ishirini? Nilikuwa nimeziimba zote.

Luhende, kijana wa bodaboda wa pale njia panda, alikuwa anafuta tope kwenye pikipiki yake. Nilirukia nyuma hata hajauliza. "Kwa Maige! Endesha, Luhende, endesha, watu wanakufa!" Akanusa, akatazama buti zangu, akaondoa pikipiki. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Mto ulikuwa unaonekana upande wetu wa kushoto, unatokeza na kujificha, na kila ulipotokeza nilitazama kama yale ya kijivu yako mbele yetu au nyuma. Sikuweza kujua. Nilisoma kila sura niliyoijua, nikizichanganya.

Tukafika. Naiona mpaka leo ile picha. Watu kama sitini ukingoni, kwaya inaimba, wanawake wa vitenge vya sare. Mchungaji Alexander amesimama maji yakiwa kiunoni, na foleni ya watu saba wenye mavazi meupe. Wawili wameshatoka, wanafutwa kwa taulo. Wa tatu, ameshikwa bega, ni Machibya. Na maji, ee Mwenyezi Mungu, maji yalikuwa na rangi ya mvua tu, ya kawaida.

Nikashuka mbio nikipiga kelele. Mimi huyu, mtandio umeanguka shingoni, buti zimejaa tope la bwawa, nanuka. Mzee wa kanisa mmoja, Paulo, akanidaka mkono. "Mama, taratibu, hapa ni ibada." Najua alichofikiri. Wengi walifikiri hivyo: huyu Mwislamu amekuja kuvuruga ubatizo. Nikajitingisha, akaja mwingine, wakanishika wawili.

"Machibya!" nikapaza sauti. "Machibya, toka! Nimefungua ya kulia! Ya kulia!"

Akageuka. Akanitambua. Na uso wake wote, wallahi, ukafunguka kwa furaha, kwa sababu masikioni mwake nilikuwa nimesema nimefungua ya Kuria, kama alivyoniagiza. Mtani wake kamkimbilia mpaka mtoni kumtoa wasiwasi asibatizwe na moyo mzito. Akaniinulia dole gumba.

"Vizuli, mtani!" akasema.

Bibi mmoja kando yangu akanishika kiuno. "Anasema amekuja kulia, jamani, mwacheni. Ana msiba huyu. Lia, mwanangu, lia tu."

Kulia! Neno moja, na kila mtu pale aliondoka na lake. Nikafungua mdomo kusema jingine, na Mchungaji akasema, "Kwa jina la Baba," akamlaza Machibya nyuma, maji yakamfunika uso.

"MAVI!" nikapiga yowe. "Maji yana mavi! Nimewafungulia mavi mtoni!"

Kwaya ikakatika. Machibya akaibuka akikohoa, anatema, macho yamejaa maji, bado anatabasamu, hajasikia kitu. Mchungaji akayatazama maji, akanitazama mimi. "Mama, mbona haya ni..."

Ndipo likaja. Kwenye kona ya mto, polepole, povu la kijivu limebeba makaratasi na kigunzi cha muhindi. Wanawake wakapiga mayowe. Watu wakatoka majini wakikanyagana. Mchungaji alimvuta Machibya kwa mkono hadi ukingoni, na Machibya akanijia mimi, mavazi yamemgandia mwilini, na sasa hatabasamu tena.

"Ulifungua ipi?"

Nikainua mkono wangu wa kulia. Sikuweza kusema lile neno.

Akautazama mkono ule. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimemeza, Sihaba. Nilikuwa nacheka, nikameza."

Watu waliniambia, usiogope, uchafu ulikuwa haujafika. Uliuona mwenyewe ukija. Lakini mimi mtu wa mabwawa. Najua kwamba kinachoonekana kinaelea na kinakuja kwa kujivuta, na kile kisichoonekana hakina sababu ya kukisubiri. Nilimwambia anywe maji ya chumvi na sukari, aende zahanati. Akasema yuko salama. Jumatatu alikuja kazini, nikamtazama kila alipoinama. Alipokwenda chooni nilihesabu. Jumanne hakuja.

Walimpeleka kwenye kambi ya kipindupindu, mahema yaliyozungushiwa kamba, mlangoni beseni la klorini la kukanyaga. Nesi mmoja, Hellen, alinivalisha glovu akanipeleka kwa masharti ya dakika tano. Kitanda cha turubai chenye tundu katikati, ndoo chini. Machibya alikuwa amekwisha. Mtu wa miraba minne amebaki macho yaliyozama na ngozi ya vidole iliyojikunja kama ya mtu aliyefua siku nzima. Dripu mbili, mkono na mkono.

Suzana alikuwa amekaa nje ya kamba. Nilitegemea anitemee mate. Nilimwendea nikapiga magoti, nikasema ni mimi, Suzana, ni mdomo wangu. Hakuniangalia. "Miaka ishirini," akasema, "nilimbembeleza aingie kwenye maji yale. Wewe umefungua koki. Mimi ndiye niliyemwingiza." Tukakaa pale wawili, Mwislamu na Mkristo, kila mmoja anaomba kwa njia yake, na kila ndoo ilipotolewa hemani tulinyanyua vichwa kwa pamoja.

Waliougua wengine ni wawili, waliotangulia majini, wakapona upesi. Machibya alikaa siku sita. Siku ya nne Hellen alisema figo zinasuasua, na usiku wake nilimwahidi Mungu vitu ambavyo hata sina. Siku ya tano akakojoa. Suzana alikuja nyumbani kwangu kuniambia, analia na kucheka: "Amekojoa! Mume wangu amekojoa!" Tukarukaruka uani kama wasichana.

Kwa hiyo alipona. Wacha niseme wazi ili mtu asikae na roho juu: Machibya yuko hai, amekonda, anafanya kazi mpaka leo. Koki ya kulia sasa imefungwa mnyororo na kupakwa rangi nyekundu, ya kushoto ni ya kijani. Hakuna anayehitaji kuitaja kwa jina.

Nilikwenda kumwomba radhi alipokuwa bado anatembelea fimbo. Nilimwambia, uliposema ya Kuria nilikuuliza, lakini nilikuuliza kwa kukucheka, ndiyo maana hukunijibu. Kosa ni langu. Akatikisa kichwa. "Watu saba," akasema. "Watu saba wangekufa, kwa sababu ya ulimi wangu." Nikamwambia si ulimi wako, ni masikio yangu na kiburi changu. Akaniitikia tu kama mtu anavyomwitikia mgeni. Suzana ameniambia kwamba jioni anakaa peke yake nyuma ya nyumba, na anasikika akisemasema maneno. Alidhani anasali. Alipokaribia alimsikia akirudia neno moja, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku aliyorudi kazini niliwahi mapema. Mvua ilikuwa imenyesha, bwawa la kwanza lilikuwa limepanda kidogo, na mimi nilikuwa na hofu yangu ya siku zote. Nilimwona anakuja kwenye njia ya matete, taratibu, kofia mkononi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka anijibu vile vile, nisicheke hata kidogo, nimwambie hakuna Kiswahili kizuri kama hicho.

"Shikamoo, mtani," nikasema.

Akasimama. Nikaona ulimi wake unatafuta mahali pa kukaa mdomoni, na jasho linamtoka juu ya midomo.

"Marahaba, Mama Yasmin," akasema, sawasawa kabisa, akapita kwenda kuangalia koki.